UZI: Tuzijaribu pakeji huria kabla hazijatoka, tusisubiri zitugomee kazini

fundi_wa_seva (mleta uzi)

Wakuu, salaam zenu. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka ashuke moja kwa moja hadi pale ninapoongelea umeme kukatika, maana ndipo penye nyama.

Hapa Dar programu huria zimejaa kila kona. Seva nyingi za ofisi, kuanzia Posta hadi Mikocheni, zinaendeshwa kwa Debian au Ubuntu, ambayo ni mifumo endeshi ya Linux. Takwimu za vituo vya afya zinapita kwenye DHIS2, mfumo huria wa kukusanya takwimu. Vijana wa ramani kutwa wako ndani ya QGIS. Hata duka linalokuuzia soda linaweza kuwa na mfumo wa mauzo ambao chini yake kuna hifadhidata ya PostgreSQL au MariaDB. Lakini karibu sote tunakutana na toleo jipya siku limeshatangazwa. Hapo ndipo tunagundua printa ya risiti haichapi, au hifadhidata imegoma kuamka, na lawama zinaanza. Mimi naomba tubadilishe hilo. Kasoro ikamatwe pakeji (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) ikiwa bado haijatoka, na kazi hiyo tunaiweza kwa vifaa hivihivi tulivyonavyo.

Kwa nini kabla? Chukueni Debian 13, ile trixie iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025. Tarehe 15 Machi mwaka huohuo walifunga mlango kwa mabadiliko makubwa yanayogusa pakeji nyingi kwa mpigo. Tarehe 15 Aprili wakazuia pakeji mpya kabisa kuingia. Tarehe 15 Mei wakakaza zaidi, na tarehe 27 Julai wakafunga moja kwa moja, ikawa kila badiliko linahitaji ruhusa ya wasimamizi wa toleo. Hiyo ni karibu miezi mitano ya kusaka na kuziba kasoro katika toleo lenye pakeji 69,830. Ukiripoti tatizo mwezi Aprili, mtunzaji wa pakeji anakusikiliza kwa makini, kwa sababu kasoro nzito isiyotibiwa inaweza kuitoa pakeji yake nje ya toleo zima. Ukiripoti Septemba, zege limeshakauka. Ndani ya stable, yaani toleo lililokwisha kutoka, huingizwa marekebisho ya usalama na yale ya kasoro kubwa tu. Mengine utaishi nayo hadi toleo lijalo, na matoleo ya Debian hupishana kwa takriban miaka miwili.

Nje ya msimu huo wa kufunga pia kuna mzunguko wa kila siku. Pakeji mpya hutua kwanza unstable, ambako watu wengi wanakuita sid. Hukaa pale kati ya siku 2 na 10 kutegemea uharaka wake. Kama majaribio ya mashine yamepita na hakuna aliyeripoti kasoro nzito, inahamia testing, ambako toleo lijalo linaandaliwa. Someni tena hapo: hakuna aliyeripoti. Kimya chetu kinahesabiwa kuwa ni ruhusa. Sisi wenye umeme wa kubahatisha na bando la kupima tusiposema neno, pakeji inasonga mbele kana kwamba kwetu iko salama.

Wengine wana utaratibu wao. Fedora, ambayo ni Linux nyingine, wana mfumo unaoitwa Bodhi, ambako sasisho linakaa kwenye ghala la majaribio na watu wanaoijaribu wanaipa +1 au -1. Ubuntu wao sasisho la toleo lililokwisha kutoka linapita kwanza kwenye ghala la -proposed, linakaa angalau siku 7, na lazima mtu athibitishe kwamba kasoro iliyokusudiwa imetibiwa kweli. Huyo mtu anaweza kuwa yeyote. Anaweza kuwa wewe uliyekaa Tabata.

Nitaendelea, ngoja niwaachie nafasi kwanza.

---

kijana_wa_mabibo

Asante sana kwa uzi, mkuu. Mimi nipo mwaka wa pili, nasoma kompyuta. Swali langu: si wana majaribio ya mashine? Tulifundishwa kwamba kila msimbo ukibadilishwa kompyuta inaujaribu yenyewe. Sasa binadamu wa Mabibo anaongeza nini hapo?

---

fundi_wa_seva

Swali zuri mdogo wangu, na ndilo linalowakatisha tamaa wengi.

Mashine zinafanya kazi kubwa kweli, hilo tulikubali. Debian wana lintian inayokagua namna pakeji ilivyofungashwa. Wana piuparts, ambayo kazi yake ni kusakinisha pakeji, kuipandisha toleo, kuiondoa, kisha kuangalia imeacha takataka gani. Wana autopkgtest inayoiendesha pakeji ikiwa imesakinishwa na kuona kama inafanya iliyoahidi. openSUSE, nayo ni Linux nyingine, wana openQA, ambayo inasakinisha mfumo mzima, inabonyeza vitufe kama mtu, inapiga picha za skrini na kuzilinganisha na picha zinazotarajiwa. Ni vyombo vya kuheshimu.

Lakini mashine inajibu swali iliyoulizwa tu. Septemba 2006 kuna badiliko liliingizwa kwenye pakeji ya OpenSSL ya Debian, ile ya usimbaji fiche, ili kunyamazisha onyo la chombo cha ukaguzi. Badiliko hilo likaondoa karibu bahatinasibu yote iliyokuwa inatumika kutengeneza funguo za siri. Kilichobaki kikawa namba ya mchakato, yaani kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na uwezekano usiozidi 32,768. Funguo zilitengenezwa vizuri, ssh (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ilifungua vizuri, kila jaribio la "inafanya kazi?" lilijibu ndiyo. Toleo la Debian liitwalo Etch likatoka Aprili 2007 likiwa na kasoro hiyo ndani. Tangazo la hatari lilikuja tarehe 13 Mei 2008, na dunia nzima ikaanza kubadilisha funguo. Hakuna jaribio lililokuwa limeuliza kama ufunguo huu unafanana na wa jirani.

Sasa tazama upande wa pili, kisa cha 2024 cha xz, programu ya kubana mafaili. Huyu bwana Andres Freund ni mtaalamu wa PostgreSQL, ameajiriwa Microsoft. Alikuwa anapima kasi ya hifadhidata kwenye kompyuta yenye Debian sid. Akaona sshd, yaani upande wa seva wa ssh, inakula CPU kuliko kawaida hata kwa watu wanaoshindwa kuingia. Akapima: kuingia kulikokuwa kunachukua kama sekunde 0.3 sasa kulikuwa kunachukua kama 0.8. Nusu sekunde tu. Wengine tungesema mtandao. Yeye akafuatilia hadi akakuta matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yamepandikizwa mlango wa nyuma, na tarehe 29 Machi 2024 akaandika hadharani. Sehemu iliyouwasha mlango ule haikuwepo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaipitia, ilikuwa kwenye faili la toleo lililofungashwa. Ulikuwa umeshafika sid, testing ya Debian, openSUSE Tumbleweed na matoleo ya majaribio ya Fedora. Stable ya Debian haukuifikia. Ubuntu walisogeza mbele beta ya 24.04 kwa wiki moja ili wajenge upya pakeji zao zote.

Mtu mmoja aliyekuwa anatumia toleo la majaribio kwa kazi yake halisi, akaona jambo haliko sawa, akakataa kulipuuza. Majaribio ya mashine hayakuwa yameizuia.

---

dada_wa_takwimu

Naunga mkono hoja, na naongeza la kwangu. Mimi nahudumia mfumo wa takwimu uliojengwa juu ya DHIS2, sitataja ni wapi. DHIS2 inatengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, na hapa kwetu imeshakuwa uti wa mgongo wa taarifa za afya. Ukipandisha toleo, mfumo unabadilisha muundo wa hifadhidata wenyewe wakati wa kuwaka. Ukishabadilika, kurudi nyuma ni kurudisha nakala rudufu tu, hakuna njia nyingine.

Kwa hiyo sisi tuna seva ya pembeni. Toleo likitangazwa kuwa linakaribia, tunachukua nakala ya hifadhidata, tunafuta majina na namba za wagonjwa, tunaipandisha kwenye seva hiyo, halafu tunaita watumiaji halisi. Siyo watu wa IT. Tunamwita dada anayeingiza takwimu za kliniki ya wajawazito akae na fomu zake aingize kama kawaida. Yeye ndiye anayekwambia "kitufe cha kukamilisha kimehama" au "jumla ya mwezi haifanani na ya jana". Mimi nisingeliona hilo kwa sababu mimi naangalia logi.

Na wengine mnaogopa kuripoti kwa sababu mnadhani wenye programu hawana habari na sisi. Si kweli. Ukiwapa maelezo yanayoeleweka wanajibu, na wanafurahi, kwa sababu wao hawana hifadhidata yenye miaka mingi ya takwimu za vituo vyetu. Hiyo tunayo sisi.

---

mpita_njia_kariakoo

Mimi nitasema ukweli wangu. Mnataka vijana wafanye kazi ya bure kwa makampuni ya Ulaya na Marekani. Wenzetu wanalipwa mishahara, sisi tunatumia bando letu kuwatafutia kasoro. Kijana wa Dar anatafuta hela ya kula.

---

fundi_wa_seva

Kaka, hoja yako ina uzito na sitaikwepa.

Kwanza, kuna watu wanalipwa na kuna watu wengi hawalipwi. Debian nzima inaendeshwa na watu wa kujitolea. Pakeji unayoitegemea kuchapisha risiti Kariakoo inaweza kuwa inatunzwa na mtu mmoja anayeifanya usiku baada ya kazi yake. Hilo lenyewe ndilo lililoiponza xz, mtunzaji alikuwa mmoja na amechoka, akajitokeza "msaidizi".

Pili, sikuombi ujaribu pakeji 69,000. Jaribu tatu au nne zinazokulisha. Kama una wateja kumi wenye mfumo wa mauzo juu ya MariaDB, kupandisha MariaDB kwenye mashine ya majaribio kabla ya toleo ni kulinda wateja wako mwenyewe. Ukikuta kasoro ikatibiwa kabla, umejiokolea usiku wa kuhangaika na simu kumi zinazoita kwa pamoja. Hayo ni malipo, tena unayapata wewe.

Tatu, na hili nalisema kwa vijana: ripoti nzuri inabaki hadharani na jina lako. Ninapotafuta mtu wa kunisaidia kazi, nikisoma ripoti tatu za kasoro alizoandika najua anavyofikiri kuliko vyeti vyake vyote vinavyoweza kuniambia.

Sasa nije kwenye umeme, maana niliahidi.

Wenzetu wa Ulaya wanajaribu kupandisha toleo kwa kuendesha `apt full-upgrade`, wanakwenda kunywa kahawa, wanarudi limekwisha. Sisi umeme unakatika pakeji ya mia nne kati ya mia tisa. Ukirudi, mfumo unakwambia dpkg (kisakinishi cha pakeji) ilikatizwa, endesha `dpkg --configure -a`. Amri hiyo inarudi kwenye kila pakeji iliyoishia njiani na kuendesha tena skripti yake ya usanidi tangu mwanzo. Kanuni za Debian zinataka skripti hizo ziwe zinaweza kurudiwa bila madhara. Lakini mwandishi wa skripti ambaye umeme wake haukatiki hajawahi kuona yake ikirudiwa.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza siku zote ni hili. Natengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, yenye toleo la sasa na pakeji zilezile za mteja, naweka data kidogo ya kuigiza. Kabla sijagusa kitu nahifadhi hali yake kwa `virsh snapshot-create-as`. Kisha nabadilisha ghala la pakeji liwe la toleo lijalo, naanzisha upandishaji, na pakeji ninayoilenga inapoanza kusanidiwa nafungua terminali nyingine na kuandika `virsh destroy` na jina la mashine. Jina la amri linatisha ila haifuti chochote, inazima ghafla tu, sawasawa na umeme kukatika. Wenye VirtualBox mna chaguo la kuzima kwa nguvu, linafanya kazi hiyohiyo. Naiwasha, naendesha `dpkg --configure -a`, naangalia inasemaje. Halafu narudisha ile hali niliyohifadhi na kukata tena mahali pengine: wakati wa kupakua, wakati wa kufungua faili, wakati hifadhidata inahamishwa.

Hakuna mfumo wa majaribio ninaoujua kwenye mradi wowote mkubwa unaokata umeme kwa ukorofi kama Dar unavyokata. Hii ni elimu tunayo sisi, na ina thamani kwa kila mtu anayeishi mahali pasipo na jenereta.

---

mzee_wa_modemu

Vijana, nimesoma yote. Hongereni.

Mmesahau lugha. Jambo OpenOffice ilipotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ofisi nzima ya kompyuta ikiwa kwa Kiswahili, tulijifunza kwamba tafsiri nayo inajaribiwa. Maneno yetu ni marefu. Kitufe kilichotosha neno fupi la Kiingereza kinakata la Kiswahili katikati. Menyu inasukumwa nje ya dirisha. Sentensi iliyounganishwa na programu kutoka vipande viwili inatoka na ngeli mbovu, "faili 3 imefutwa". Kasoro hizo hakuna Mjerumani atakayeziona.

Kabla ya kila toleo la LibreOffice, programu ya ofisi iliyotokana na OpenOffice, na hutoka mara mbili kwa mwaka, pakua toleo la majaribio uweke Kiswahili uzunguke kwenye menyu. Andika barua ndefu, jaribu kikagua tahajia. Na kwa pakeji za kawaida, weka `LANG=sw_TZ.UTF-8`, yaani lugha iwe Kiswahili cha Tanzania, halafu uendeshe programu yako. Programu nyingi hazijawahi kuendeshwa kwa mpangilio huo na mtu yeyote. Utaona tarehe, fedha na mpangilio wa herufi vinavyofanya vituko. Kazi hiyo haihitaji kujua msimbo. Mwalimu wa Kiswahili anaiweza kuliko fundi.

---

dada_wa_takwimu

Shikamoo mzee. Umenikumbusha FOSS4G, ule mkutano wa programu huria za ramani, ulipofanyika hapa kwetu, Agosti 2018, ukumbi wa Julius Nyerere. Vijana wa Ramani Huria walikuwa wameshatembea mitaa ya mabondeni wakichora mifereji na nyumba kwa ajili ya mafuriko. Watu wa QGIS walikuwa wanawasikiliza kwelikweli, kwa sababu hawa ndio waliokuwa wanaitumia kwenye kompyuta dhaifu juani. QGIS wana toleo jipya kila baada ya miezi minne na toleo la muda mrefu pembeni yake. Ofisi nyingi zinakaa kwenye la muda mrefu, na hiyo ni sawa, lakini mtu mmoja ofisini awe na hilo jipya afungue nalo ramani zenu halisi. Kinachovunjika kwenye jipya leo ndicho kitakachowakuta kesho.

---

mzee_wa_modemu

Marahaba binti yangu. Kweli kabisa.

---

kijana_wa_mabibo

Mimi nimeshawishika. Matatizo yangu ni mawili, bando na kompyuta. Laptop yangu ni ya mtumba, RAM GB 4. Na nikipakua kila siku nitalala njaa.

---

fundi_wa_seva

GB 4 zinatosha, mradi mashine pepe iwe bila picha, terminali peke yake. Ipe RAM GB 1. Faili la kusakinishia Debian lile dogo la mtandaoni halifiki GB 1.

Kwa bando, sakinisha apt-cacher-ng kwenye laptop yako na uielekeze mashine pepe ipakulie humo. Pakeji ikishashuka mara moja inabaki, ukirudisha hali ya mwanzo na kujaribu tena haipakui upya. Ukikaa bweni mnaweza kuelekeza wote kwenye laptop moja, mmoja akipakua wengine wanachota. Kwa picha za kila siku za Ubuntu tumia zsync, inashusha vipande vilivyobadilika tu.

Na mtandao mbovu wenyewe ni jaribio. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, nchi nzima ikawa inavuta mtandao kwa shida. Siku kama ile ndiyo unajua programu ipi inaendelea ilipoishia na ipi inaanza mwanzo kila mara ikikula bando lako. Huna haja ya kusubiri waya ukatike, ndani ya mashine pepe andika `tc qdisc add dev eth0 root netem delay 400ms loss 5%`, ubadilishe eth0 kwa jina la kadi yako. Umeshapata mtandao wa siku ile.

Kuhusu mashine za mtumba, hili ni muhimu kwa wauzaji na mafundi wa Kariakoo. Debian 13 haina tena kernel (kiini cha mfumo) wala kisakinishi rasmi cha i386, yaani kompyuta za biti 32. Kompyuta ya biti 32 iliyokuwa na Debian 12 haina pa kupandia. Pia kwenye 13, folda ya mafaili ya muda, `/tmp`, kwa kawaida inakaa kwenye RAM na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Kwa mwenye RAM GB 2 na programu inayotupa mafaili makubwa `/tmp`, hiyo inamgusa moja kwa moja. Mambo yote mawili yalijadiliwa mapema, wakati toleo bado linapikwa, na aliyekuwa na sababu ya kupinga alikuwa na nafasi ya kusema. Toleo lijalo linaitwa forky. Mijadala ya namna hiyo itarudi tena, safari hii tuwepo.

---

mpita_njia_kariakoo

Hapo kwenye i386 umenigusa. Nina wateja wa mashine hizo. Nitaanza na moja dukani, nione.

---

kijana_wa_mabibo

Wakuu, nimerudi. Nilichukua pakeji ndogo ya stoo ambayo tunaitumia kwenye mradi wa darasa, iko testing. Nimefanya lile jaribio la umeme. Nimezima wakati inasanidiwa, nikawasha, `dpkg --configure -a` ikagoma. Nimeandika ripoti, nimeanza kwa Kiswahili ili niwaze vizuri, nitaigeuza Kiingereza. Naombeni mnikosoe:

*"Pakeji yenu ina tatizo kubwa sana. Nilikuwa naipandisha toleo umeme ukakatika, na hapa kwetu umeme hukatika mara kwa mara, sasa haifanyi kazi kabisa na inazuia mfumo wote. Tafadhali rekebisheni haraka kwa sababu watu wengi wanaitegemea."*

---

fundi_wa_seva

Umefanya kazi nzuri sana, na kasoro ni ya kweli. Ripoti ndiyo bado. Mtunzaji akiisoma hii hajui atazame wapi. Nijibu haya: ulitoka toleo gani kwenda gani? Ujumbe wa mwisho kwenye skrini uliandika nini, neno kwa neno? Umelirudia ukapata jibu lilelile? Na umeisoma skripti yenyewe? Ipo `/var/lib/dpkg/info/`, inaishia na `.postinst`, ni maandishi ya kawaida.

---

kijana_wa_mabibo

Nimeisoma, kumbe si ngumu. Ikiona unatoka toleo la zamani inatengeneza folda mpya kwa `mkdir`, halafu inanakili data kutoka folda ya zamani kwenda mpya, kisha inafuta ya zamani. Nimezima inaponakili. Ikirudiwa, `mkdir` inakuta folda ipo tayari, inatoa kosa, skripti inasimama hapo. Nimerudisha hali ya mwanzo nikajaribu tena, ni vilevile.

---

fundi_wa_seva

Umeshaitibu nusu. Na ona ilivyopita: piuparts inapandisha bila kukatizwa, kwa hiyo haikuti folda ipo tayari. Isingeonekana hadi siku imkute mtu mwenye data ya kweli.

Tena angalia hatari iliyojificha. Mtu akiongeza `-p` kwenye `mkdir` peke yake, kosa linatoweka, lakini kunakili kunaweza kuendelea juu ya mafaili yaliyonakiliwa nusu, na mwisho wake skripti inafuta folda ya zamani. Liseme hilo kwenye ripoti ili wasitibu dalili wakaacha ugonjwa. Bora inakili kwenye folda ya muda, ikishakamilika ndipo ibadilishe jina.

Andika hivi:

*"Kupandisha kutoka toleo la zamani kwenda hili kukikatizwa wakati postinst inanakili data, `dpkg --configure -a` inashindwa kila mara. Namna ya kurudia: (1) sakinisha toleo la zamani na uweke data ya kutosha ili kunakili kuchukue sekunde kadhaa, (2) anza kupandisha, (3) zima mashine pepe kwa nguvu wakati wa kunakili, (4) washa, endesha `dpkg --configure -a`. Nilitarajia usanidi ukamilike. Kilichotokea: mkdir inasema folda ipo tayari, na skripti inasimama. Nimelirudia kutoka hali safi, matokeo ni yaleyale. Kuongeza -p pekee kunaweza kupoteza data, kwa sababu nakala ya nusu inaweza kubaki na folda ya asili itafutwa. Napendekeza kunakili kwenye folda ya muda kisha kubadilisha jina."*

Tumia amri ya `reportbug`. Itajaza matoleo ya pakeji na mfumo yenyewe, na kabla ya kutuma itakuonyesha kasoro zilizokwisha kuripotiwa. Zisome kwanza, kama ipo tayari ongeza maelezo yako pale badala ya kufungua mpya. Bandika ujumbe wa kosa kama ulivyo, usiutafsiri. Kiingereza kisikutishe, sentensi fupifupi kama hizi zinatosha, na watunzaji wengi nao Kiingereza si lugha ya mama yao.

Uzito wake weka "serious" na ueleze sababu: inavunja upandishaji wa toleo na skripti hairudiki. Wasimamizi wakiona vinginevyo watashusha, hilo ni lao.

---

dada_wa_takwimu

Na ukipata jibu usipotee. Mara nyingi mtunzaji anarudi na toleo la kujaribu baada ya siku chache, anauliza "hili limetibu?" Wengi wanaishia hapo, ripoti inakaa bila jibu na yeye hana mashine ya kulirudia. Ihifadhi ile mashine pepe kama ilivyo.

---

kijana_wa_mabibo

Nimeituma. Nimepata barua yenye namba ya kasoro. Mashine pepe nimeihifadhi, na wenzangu wawili wa chumbani wameelekeza zao kwenye apt-cacher-ng yangu. Mmoja anachukua MariaDB, mwingine anaanza na `LANG=sw_TZ.UTF-8` kwenye programu ya stoo hiyohiyo.

---

fundi_wa_seva

Safi sana. Wakifika mahali wakakwama walete hapahapa, wabandike ujumbe wa kosa neno kwa neno. Na wewe mpita njia, tuletee majibu ya ile mashine ya dukani.